Kijana wa Akheri na Lugha ya Kijerumani

Akheri ni kijiji kilicho katika mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu ya soko la Tengeru, mwendo mfupi kutoka barabara kuu iendayo Moshi. Migomba na mibuni imeshikana huko hata nyumba nyingi hazitambulikani asubuhi ila kwa moshi wa majiko yake. Lugha ya nyumbani ni Kimeru. Kiswahili ni lugha ya soko na serikali. Kiingereza ni lugha ya sekondari na ya barua za kuombea kazi. Kijana wa Akheri afikapo umri wa miaka ishirini huwa amekwisha kuingia katika nyumba tatu za maneno, na si ajabu akidhani kwamba mlango wa nyumba ya nne utafunguka kwa ufunguo mmojawapo wa zile tatu. Ndivyo alivyodhani kijana ambaye habari zake zasimuliwa hapa. Nyumba ya nne aliyoiendea ilikuwa Kijerumani.

Hakuiendea kwa mapenzi ya vitabu. Alikuwa mpagazi wa watalii, akichukua mizigo ya watu wengine kichwani na mgongoni katika njia za mlimani, naye aliona kwamba mwongozaji ajuaye Kijerumani huchukua mfuko mdogo na kupokea ujira mkubwa. Wageni wa Kijerumani ni wengi katika nchi ya Meru na Kilimanjaro, na wengi wao, hata wakijua Kiingereza, hufurahi kuelezwa ndege na miti kwa lugha ya mama zao. Kijana akamwambia baba yake. Baba akauza kahawa ya msimu mmoja na mtamba mmoja, akampa fedha akasome mjini Arusha. Ujuzi wa lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kutoka A1 hata C2. Kijana alikusudia kuifikia ngazi ya tatu, iitwayo B1. Mtamba ulikuwa umekwisha kwenda. Hakuwa na ruhusa ya kushindwa.

Shida ya kwanza ilimpata kinywani. Kiswahili kina adabu yake ya irabu: karibu kila neno humalizika kwa irabu, na konsonanti hazisongamani bila ya irabu kuja kuziamua. Kijerumani hakina huruma hiyo. Neno Herbst, yaani majira ya kupukutika majani, lina konsonanti nne mwishoni zilizofuatana kama ng'ombe katika kijia chembamba. Neno Strumpf, yaani soksi, kijana alilitamka shiturumpufu kwa muda wa wiki mbili, na mwalimu wake akamwambia kwamba amelipa neno la Kijerumani nyumba yenye vyumba vitano nalo halikuomba hata kimoja. Sauti ya ü ilimsumbua zaidi. Alifundishwa kwamba ulimi useme i na midomo iseme u kwa wakati mmoja. Alijizoeza jioni katika njia ya mashamba ya kahawa, na wanawake waliokuwa wakipanda kutoka sokoni wakafikiri anapiga mluzi.

Maneno ya Kijerumani yaliyopata kuingia katika Kiswahili zamani hayakumtesa mtu hivyo. Schule iliingia ikawa shule. Heller, jina la sarafu ndogo iliyotolewa mwaka 1904, iliingia ikawa hela, na jina limeishi miaka mingi baada ya sarafu yenyewe kutoweka. Maneno hayo yalikuja kama wageni, wakavua viatu mlangoni na kula chakula cha nyumba. Sasa kijana alikuwa mgeni katika nyumba yao, na viatu vya kuvuliwa vilikuwa vyake.

Shida ya pili ilikuwa jinsi ya majina. Kila jina la Kijerumani huvaa kitambulisho kimoja katika vitatu: der, die au das. Kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu si cha kiume wala cha kike. Jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Msichana, das Mädchen, amewekwa pamoja na kisu. Darasa zima lilicheka liliposikia hayo, na kijana alicheka kuliko wote. Mwalimu, Mtanzania aliyekuwa amekaa miaka mingi katika Ujerumani, aliwaacha wacheke hata wakachoka, kisha akaandika ubaoni maneno mawili: kijiti na kijana. Akauliza kwa nini kijiti kimeanguka, lakini kijana ameanguka, na yote mawili yameanza kwa ki. Hapakuwa na mtu aliyejibu. Walikuwa wakisema hivyo tangu utoto bila ya kuulizwa sababu.

Ndipo mwalimu alipoeleza kwamba katika Kiswahili uhai wa kitu hushinda umbo la jina, kwa hiyo kijana, kipofu na kiongozi huamka kutoka katika kundi la viti na vijiko na kusimama pamoja na watu. Katika neno Mädchen umbo limeshinda uhai: jina lolote lenye kikia hicho cha chen ni la udogo, na majina ya udogo yote huvaa das, hata yakiwa ya binadamu. Lugha zote mbili zimekuta tatizo moja, kila moja ikakata shauri lake. Tangu siku hiyo kijana hakucheka tena. Lakini kutocheka hakukumwondolea kazi. Ngeli za Kiswahili ni nyingi kuliko jinsi tatu za Kijerumani, ila aghalabu ngeli hujitangaza katika silabi ya kwanza ya jina, na ikinyamaza pale husikika katika sifa na kitenzi kinachofuata. Majina mengi ya Kijerumani hayatoi ishara yoyote. Der, die na das hazina budi kukaririwa pamoja na jina, kama jina la mtu na la baba yake. Kijana alikuwa na daftari mbili zilizojaa majina hayo, nazo zilinyeshewa mvua ya masika mara mbili.

Shida ya tatu ilikuwa hesabu, na hiyo ilimtoa fedha. Msemaji wa Kiswahili husema thelathini na tano. Mjerumani husema tano na thelathini. Siku moja mgeni alimtajia chumba cha 35, kijana akasikia tano kwanza na tatu baadaye, akapeleka mizigo katika chumba cha 53 na kumwamsha mtu aliyekuwa amelala. Saa ilimfanyia vibaya zaidi. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua lichomozapo, za Ulaya huanza usiku wa manane. Kijana alikwisha kuzoea kuongeza sita na kupunguza sita alipotumia Kiingereza. Lakini Mjerumani asemapo halb sieben, yaani nusu ya saba, ana maana ya nusu iendayo kwenye saba, ambayo ni saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi kwa Kiswahili. Kijana alifuata desturi ya Waingereza, ambao kwao nusu ya saba ni nusu iliyokwisha kuipita saba. Alifika saa moja na nusu. Wageni watatu wazee walikuwa wameketi juu ya mizigo yao saa nzima, na ukungu wa Ziwa Duluti, walilotaka kuliona wakati wa mapambazuko, ulikuwa umekwisha kutoweka. Hawakumtukana. Walitazama tu saa zao, na yeye aliona bora wangemtukana. Mwezi mzima hakuitwa kazini.

Lakini shida iliyopita zote ilikuwa kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili ni chepesi wa kutoa habari. Mtu asemapo hawatatusahau, silabi ya kwanza imekwisha kusema kwamba jambo limekanwa, ya pili imetaja watendaji, ya tatu imetaja wakati, ya nne imetaja watendwa, na tendo lenyewe linafuata kwa utulivu. Kijerumani hupenda kukipasua kitenzi vipande viwili. Kipande kimoja, kidogo na kisicho na habari nyingi, hukaa karibu na mwanzo. Kingine, chenye tendo lenyewe, huwekwa mwisho wa sentensi. Na katikati huweza kupita mahali, siku, sababu na watu wa kila namna. Neno la kukana, nicht, mara nyingi nalo husubiri huko mwishoni. Msemaji wa Kiswahili hukana mlangoni. Mjerumani aweza kumpitisha msikilizaji nyumba nzima kabla ya kumwambia kwamba jambo halikuwa.

Kijana hakuwa na tabia ya kungoja. Alikuwa hodari wa kukisia, na katika Kiswahili na Kimeru kukisia kwake kulimletea sifa ya wepesi. Siku moja bibi mmoja wa Kijerumani alianza kusema: Ich habe die Tasche im Auto. Kijana aliposikia mkoba na gari alikwisha kugeuka, akateremka mbio kilima chote mpaka penye gari, akatafuta chini ya viti, akarudi akitweta mikono mitupu. Bibi alikuwa na mkoba begani. Maneno ambayo kijana hakuyangoja yalikuwa mawili tu: nicht vergessen. Alikuwa akimwambia kwamba hakuusahau mkoba garini.

Akaenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Mtihani wa B1 una sehemu nne: kusoma, kuandika, kuzungumza na kusikiliza. Alifaulu tatu, akaanguka katika kusikiliza. Alirudi Akheri usiku ili asionwe na watu, akaficha karatasi ya matokeo chini ya godoro, na asubuhi akaenda kwa babu yake kumkatia majani ya ng'ombe, maana babu alikuwa mtu pekee ambaye hakuwahi kumwuliza habari za masomo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia umeanguka."

Hakuna siri inayokaa katika migomba. Kijana akaendelea kukata majani.

"Kidachi hicho," babu akasema, akitumia jina la wazee kwa Kijerumani, "wakitafutia nini? Watu hao walimnyonga Mangi Lobulu."

Jambo hilo ni la kweli. Tarehe 20 Oktoba, 1896, wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika Akheri na askari wa jadi wa Meru na Arusha, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Wamisionari walikuja na habari za dini, lakini Kapteni Kurt Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi karibu, na watu wa mlimani hawakuona sababu ya kumtenganisha mgeni mwenye kitabu na mgeni mwenye bunduki. Johannes alijibu kwa moto: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wakauawa. Tarehe 2 Machi, 1900, Wajerumani wakawanyonga viongozi huko Moshi, Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru miongoni mwao. Mwaka 1902 wamisionari wa Leipzig walirudi na kujenga Nkoaranga, mahali ambapo baadaye pakawa na hospitali, na ambapo wengi wa Akheri wamezaliwa, babu mwenyewe akiwa mmoja wao.

Kijana hakuwa na jibu la kumpa babu ila la fedha, na aliona haya kulitoa. Swali likakaa naye. Alimpelekea mwalimu, naye mwalimu akampa habari zilizolifanya kuwa gumu zaidi. Zamani za utawala wa Wajerumani, alisema, Waafrika waliofundishwa Kijerumani walikuwa wachache. Serikali ilitumia Kiswahili katika kazi zake za bara na pwani, na wamisionari wa Leipzig walipenda kufundisha kwa lugha za wenyeji. Mjini Berlin kilianzishwa chuo cha lugha za mashariki mwaka 1887, ambako maofisa walijifunza Kiswahili kabla ya kuvuka bahari. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa desturi za Waswahili, alikwenda kufundisha huko mwaka 1900. Mtawala alijifunza lugha ya mtawaliwa ili amri zake zifike. Lugha yake mwenyewe aliiweka ndani, kama mtu awekavyo sahani nzuri.

Hata mtu aliyeipata lugha hiyo hakuwa amepata kinga. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akajua Kijerumani tangu utoto, akaenda Ujerumani mwaka 1929, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mezani, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Serikali ya Hitler ilimkamata mwaka 1941, naye akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Hapana shaka der, die na das zake zilikuwa safi. Kijana alisikiliza habari hiyo hata mwisho, na usiku ule hakufungua daftari.

Miezi miwili baadaye mume na mke wa Kijerumani, watu wa makamo, walimtaka awachukue Akheri. Walikuwa wamesoma majina ya wale wamisionari wawili, wakataka kusikia habari kwa mtu wa mahali penyewe. Kijana alijua kwamba mtu huyo ni babu yake, na kwa siku mbili alitafuta udhuru asiupate. Mwisho akawaleta. Babu aliwaketisha chini ya mparachichi, akaagiza chai na ndizi, akasimulia kwa Kiswahili kama alivyosimuliwa na babu yake: usiku wa mashambulio, moto wa siku zilizofuata, ng'ombe waliopelekwa chini kwa makundi, watoto waliofichwa katika makorongo. Kijana alifasiri polepole. Alikosa jinsi za majina mara nyingi, wala hakuna aliyecheka.

Babu aliponyamaza, mama yule wa Kijerumani alikaa kimya kidogo. Kisha akaanza: Was unsere Leute Ihren Großeltern hier angetan haben.

Mambo ambayo watu wetu waliwatenda babu zenu hapa. Babu alimtazama mjukuu wake, akingoja. Maneno yaliendelea: haben wir in der Schule. Tayari palikuwa na sisi, palikuwa na shule, na sentensi ilikuwa haijafika popote. Kijana alihisi ulimi wake ukitaka kukimbia kama siku ya mkoba. Sentensi ile ingeweza kumalizikia kujifunza, au kusahau, au kitu kingine kabisa. Ingeweza kuwa kukubali au kukana. Na mzee aliyeketi mbele yake angechukua maneno ya mfasiri kuwa ndiyo maneno ya mgeni.

"Mbona hufasiri?" babu akauliza.

"Nangoja, babu. Hajasema kitenzi."

Mama alikuwa amesita kwa sababu machozi yalimjia, wala haikuwa kwa ajili ya sarufi. Akameza mate, akamaliza: nicht gelernt.

"Anasema," kijana akafasiri, "ya kwamba mambo ambayo watu wao waliwatenda babu zenu hapa, wao hawakujifunza shuleni."

Babu aliinama akaokota jani kavu, akalikunja. "Mwambie hivi. Na sisi tuliwaua wawili wasiokuwa na bunduki, pamoja na Wachagga waliokuwa nao, na watoto wetu huwasimulia habari za moto kuliko habari za watu hao. Mwambie nimemsikia."

Kulifasiri neno hilo nako kulikuwa na shida yake. Kiswahili kina wewe mmoja tu, na heshima yake hukaa katika salamu na katika majina ya jamaa. Kijerumani kina wewe wa karibu, du, na wewe wa heshima, Sie. Babu alikuwa mkubwa kwa umri, na mama alikuwa mgeni wake. Kijana alichagua Sie, akaona kwamba amechagua vema, kwa kuwa mama aliinua kichwa na kumtazama mzee usoni kwa mara ya kwanza.

Walipokwisha kuondoka, babu alimwita kijana akamwuliza ni sehemu gani ya mtihani iliyomwangusha.

"Kusikiliza, babu."

Mzee akacheka mpaka akashika mti. Hakulirudia tena lile swali la kukitafutia Kidachi nini; ila tangu siku hiyo, kila mjukuu alipofika na daftari, alimwuliza maneno mapya aliyoyapata, akayajaribu kwa kinywa chake kisichokuwa na meno ya mbele, akayatia irabu kila mahali palipokosa irabu.

Kijana alirudi Dar es Salaam akafanya ile sehemu moja, akafaulu bila ya alama za kujivunia. Mtamba haujarudi, lakini ujira wa safari mbili za mlimani ulinunua ndama. Hata leo, katika njia za Meru, hukosea kati ya der na die mara kadha kwa siku, na wageni humsahihisha, naye hushukuru. Lakini mgeni akianza sentensi ndefu, kijana husimama, huweka mfuko chini, na hangoji kitenzi akiwa ameinua mguu.